Namba ya Bunduki ya Mjomba

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo tulivyofundishwa. Lakini bunduki ilipokuja kama mgeni katika shule moja ya msingi, kidogo tu wenyeji wasipone.

Asubuhi hiyo ilianza kama nyingine zote. Koma na mama yake walifika shuleni kabla ya kengele. Mama, karani wa shule, aliusukuma mlango wa ofisi kwa bega kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu, na Koma akaondoa kitambaa juu ya mashine ya fotokopi. Koma hakuwa amezaliwa na jina hilo. Alipewa na wenzake wa darasa la sita, maana alikuwa akisahihisha alama za uandishi hata kwenye tangazo la chooni. "Hapa pamekosekana koma," alisema kila mara, nao wakamjibu kwa sauti moja, "Koma wewe!"

Mwezi uliopita wezi walikuwa wamevunja chumba cha kompyuta. Kamati ya shule ikakodi mlinzi kutoka kampuni binafsi, na mlinzi aliyeletwa akawa ni mjomba wake Koma, mdogo wake mama. Miaka miwili mjomba alitafuta kazi huku akilala kwenye kochi lao la sebuleni, mpaka kochi likashika umbo lake. Sasa alisimama getini na sare ya bluu, buti zinazong'aa, na bunduki begani. Watoto wa darasa la kwanza walimwita Afande.

"Simama! Nenosiri!" aliwaamuru asubuhi hiyo, akiwaelekezea mtutu.

"Nimeoga!" walipiga kelele, mikono juu, wakicheka.

"Na masikio?"

"Nayo!"

"Piteni, wanajeshi wangu!"

Ofisini, mama alikuwa akipanga jalada la ulinzi. Kamati ingekutana mchana, na mwalimu mkuu alitaka kila karatasi iwe mahali pake. Mama alikuwa na namna yake ya kuhakiki namba ndefu: aliisoma kinyumenyume, tarakimu moja moja kuanzia ya mwisho. "Ukianzia mwanzo," alizoea kusema, "mdomo hutangulia macho." Kwa njia hiyo aliwahi kugundua kwamba wanafunzi wawili wamebadilishiwa namba za mtihani, na mmoja wao nusura abebe matokeo ya mwenzake. Lakini kwenye nakala ya kibali cha bunduki, Koma aliona mama ameshatia alama ya tiki.

"Mama, hii tumeisoma kinyumenyume?"

"Ah! Huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nimsome kinyumenyume ndugu yangu?"

Kengele ya mapumziko ilipolia, Koma aliichukua ile nakala akaenda getini.

"Mjomba, usigeuke. Nataka kusoma namba iliyochongwa kwenye bunduki yako."

"Soma, mpwa wangu. Ila usiiguse, inauma," mjomba akatania.

Koma alisimama hatua mbili nyuma yake, akakaza macho kwenye chuma. Namba ilikuwa ndefu. Akaanzia mwisho: sita, tisa, moja. Akatazama karatasi: tisa, sita, moja. Akarudia, akainakili ile ya bunduki pembeni mwa karatasi. Tarakimu nyingine zote zilifanana kama mapacha, lakini zile mbili za mwisho zilikuwa zimepishana.

"Mjomba, hiki kibali si cha bunduki hii."

Mjomba akageuka. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Punguza sauti! Bosi amesema karatasi yake iko njiani. Na hata hivyo haina risasi, ameniapia mwenyewe. Ni ya kutishia tu, kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani."

"Umeifungua ukaona?"

"Kuifungua?" Mjomba alishusha macho kwenye buti zake. "Nani kanifundisha kuifungua? Nilipewa sare asubuhi, mchana nikapewa bunduki."

Koma alirudi hatua moja nyuma. Mtu mzima, mjomba wake, alibeba kitu asichojua hata kilivyofungwa!

"Usimwambie mama yako," mjomba akanong'ona. "Ukisema, narudi kwenye kochi. Unataka nirudi kwenye kochi?"

Hakutaka. Alirudi darasani bila kupitia ofisini, akakaa karibu na dirisha. Mwalimu alieleza sehemu kumi na sehemu mia; Koma hakusikia hata moja. Alimfikiria mjomba alivyoimba bafuni siku alipopata kazi. Kisha, kule nje, darasa la kwanza wakatoka kwenda nyumbani.

"Simama! Nenosiri!"

Mikono midogo ikapanda juu. Kwa mazoea tu, mtutu nao ukapanda, na kidole cha mjomba kilikuwa pale pale pa kufyatulia.

Koma aliinuka bila kuomba ruhusa. Alikimbia hadi ofisini, akaweka karatasi mbele ya mama, akasema yote kwa pumzi moja.

Mama alivaa miwani. Alisoma namba aliyoinakili Koma, kinyumenyume, kisha ya kwenye kibali, kinyumenyume, kidole kikipita chini ya kila tarakimu. "Ndugu yangu," alisema polepole. "Kwa kuwa ni ndugu yangu, sikusoma." Akanyanyua simu na kupiga kituo cha polisi.

Aliyekuja alikuwa mkaguzi wa silaha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimwagiza mjomba aiweke bunduki chini taratibu na kurudi nyuma. Akawaweka watu wote mbali, akaielekeza kwenye rundo la mchanga la mafundi wa ujenzi, akaifungua.

Risasi ikadondoka mchangani. Halafu ya pili. Halafu ya tatu.

Mwalimu mkuu alishika kichwa kwa mikono miwili. Mama aliziba mdomo. Mjomba akakaa chini vumbini, na sare yake, na buti zake zinazong'aa.

"Nimewaelekezea watoto," alisema. "Leo. Na jana. Na juzi. Nilikuwa nawachekesha." Akalia mbele ya kila mtu.

Mkaguzi aliwasiliana na ofisi yao. Jibu halikuchelewa: kibali kilikuwa cha bunduki nyingine ya kampuni, iliyokwisha kuharibika, na hii ya shuleni haikuwa kwenye daftari lolote la usajili.

Bosi wa kampuni alifika akiwa na suti na tabasamu. "Mkaguzi, haya ni makosa ya uandishi tu. Sita na tisa ni mtu na ndugu yake, ukimpindua huyu unampata yule."

"Na risasi tatu?" mkaguzi aliuliza. "Nazo ni makosa ya uandishi?"

Tabasamu likazimika. Mkaguzi akawageukia watu wote, lakini macho yake yalitua kwa Koma.

"Sikilizeni. Sare haimpi mtu ruhusa ya kubeba silaha, wala undugu haumpi. Kampuni iwe na kibali. Namba ya bunduki iwe ile ile iliyosajiliwa. Na aliyeibeba awe amefunzwa na jina lake liwe limeandikwa. Kimoja kikikosekana, uliza, hata kama mlinzi ni baba yako. Kuuliza si kukosa adabu. Kunyamaza ndiko kunakoua."

Mjomba aliambiwa afuatane naye kituoni kutoa maelezo. Kabla hajaondoka, alimsogelea Koma. "Nilikuomba uninyamazie," alisema. "Ahsante kwa kuninyima." Mwalimu mkuu akamshika bega: akishamalizana na polisi, geti lingemsubiri, lakini kwa filimbi na tochi.

Bosi naye alionyeshwa gari la polisi. Alipopita mbele ya Koma, akasimama, akamnyooshea kidole.

"Wewe ndiye uliyeniharibia jina! Unaitwa nani?"

"Koma."

"Unaniambia nikome? Mimi?"

"Ni jina langu, mzee. Lakini hata hivyo ulivyolisikia si vibaya."

Mtu mmoja akacheka kwa nyuma. Bosi akavimba shingo. "Mtoto gani huyu? Hana adabu hata chembe! Niombe radhi sasa hivi, mbele ya watu wote!"

Koma alimtazama mama. Mama hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Alivua miwani tu, akasubiri. Koma akatazama mchangani, pale zilipodondokea risasi tatu, kisha akamtazama bosi usoni.

"Siombi radhi," alisema, na safari hii hakuweka koma. Aliweka nukta.