Jina la Kuazima

Siku ile ya Machi 1993 ilianza kama siku nyingine yoyote huko juu ya Soni. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukaufunika uwanja wa shule, ukaondoka. Mwalimu Rahabu aliingia kidato cha tano na chaki mbili mkononi, akafundisha somo alilolipenda kuliko yote: fasihi ya Waingereza katika zama za viwanda.

Aliwaeleza wanafunzi jinsi moshi wa viwanda ulivyopenya hadi ndani ya vitabu. Wakulima waliacha mashamba wakahamia mijini. Watoto walitumikia mitambo ya nguo. Waandishi waliozoea kusimulia mabwana wakaanza kusimulia njaa. Treni zikasambaza magazeti, na watu wakajifunza kuingojea hadithi, kipande kwa kipande, wiki kwa wiki.

"Na wanawake, mwalimu?" aliuliza Janeth wa dawati la mbele.

"Waliandika. Ila jamii yao haikuamini kwamba mwanamke anaweza kuujua ulimwengu. Baadhi wakajificha nyuma ya majina ya kiume."

"Hao wanaume walikubali?"

Darasa likaangua kicheko. Rahabu naye akacheka, lakini chaki ikamvunjikia mkononi.

"Hawakuwapo, Janeth. Yalikuwa majina ya kubuni."

La kwake halikuwa la kubuni.

Aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya walimu, kando ya mikaratusi. Wazazi walikwisha kufariki. Mume na mtoto hakujaliwa. Jioni zake zilikuwa kalamu na redio. Watu binafsi waliporuhusiwa kuchapisha magazeti, Dar es Salaam likazuka moja la kila wiki lililopenda hadithi za kutisha. Rahabu alituma mbili kwa jina lake. Zikarudi. Mhariri aliandika kwamba msomaji hawezi kuogopeshwa na mama mwalimu.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, alipita makaburini akasoma msalaba wa saruji uliojaa kuvu: Sefania Shemweta, 1958. Jina lilikuwa na mdundo. Akaliazima. Safari hii hadithi, ndefu ya kutolewa sehemu kwa sehemu, ikapokewa mara moja.

"Huyu Shemweta ni moto!" Mwalimu Valentino alipiga gazeti mezani katika chumba cha walimu. "Hiyo ndiyo kalamu ya mwanamume. Au siyo, Rahabu? Ninyi mngeandika mapishi!"

Rahabu alikunywa chai yake. Alitaka jambo moja tu duniani: mtu hata mmoja ajue kwamba ni yeye.

Barua za mhariri alizichukua posta kwa kudai Shemweta ni ndugu yake. Wiki ya tatu, Saidi, karani wa posta, alitikisa kichwa.

"Mwenyewe kaichukua jana, mwalimu."

"Mwenyewe nani?"

"Si nduguyo? Mzee mrefu, koti kalifunga mpaka shingoni. Mpole huyo! Kasaini hapa."

Rahabu aliinama. Sahihi ilikuwa kwa mwandiko wake yeye.

Alhamisi gazeti lilipanda na basi kutoka Mombo. Sehemu ya nne ilikuwamo. Aliisoma amesimama barabarani. Sehemu yake ya nne ilikuwa bado mezani kwake, haijamalizika. Hii ilimsimulia mwalimu wa kike wa nyumba ya mwisho, alaye peke yake, azungumzaye na redio. Ilimalizikia hivi: *Nitakwenda kumwona, maana ndiye pekee aliyenikumbuka.*

Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Bibi Mwajuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo?"

Akamweleza yote. Bibi aliacha kupukuchua maharage.

"Sefania nilimjua. Msumeno wa kiwanda cha mbao ulimmaliza kabla hajaoa. Huku kwetu jina la marehemu hupewa mjukuu, wazee wakae, aliyelala aambiwe. La Sefania halikupata wa kulibeba. Miaka thelathini na mitano." Akashusha sauti. "Wewe ulimwomba nani?"

"Sikufikiri, bibi."

"Vyuo vyote hivyo, hukufikiri! Umejifanya mtoto wake, naye amekubali. Nenda ukamrudishie. Mchana. Utaje jina lako, wazi."

Alikwenda makaburini saa tisa alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka. Hakuna ndege. Hakuna upepo.

"Mimi ni Rahabu, binti Tobia. Hadithi ni zangu. Jina nakurudishia."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya msalaba, polepole, kama ya mtu aliyesahau namna ya kusema:

"Na mimi nibaki na nani?"

Alikimbia. Hakugeuka.

Alimwandikia mhariri ukweli wote. Barua akaitia mkobani. Lakini mafua na hofu vilimlaza karibu wiki nzima, na aliporudi shuleni ilikuwa Alhamisi. Valentino alimpokea mlangoni, gazeti juu.

"Kumbe ni wewe! Dada, nisamehe, nitakula mapishi yako yote!"

Juu ya hadithi palichapwa: *Na Rahabu Tobia.* Walimu walimshika mikono, wakacheka naye, wakampongeza. Alichokitaka amekipata.

Barua ilikuwa bado mkobani.

Pamoja na gazeti, kondakta wa basi alikuwa ameacha bahasha ya Rahabu. *Bi Rahabu,* mhariri aliandika, *ahsante kwa kufika ofisini juzi na mzee wako kusahihisha jina. Ni mtu wa maneno machache, ila anajivunia binti yake. Picha yenu hii hapa.*

Rahabu hakuwa amekanyaga Dar es Salaam tangu chuoni. Pichani ameketi, amevaa gauni lake la kanisani, anatabasamu. Nyuma yake amesimama mtu mrefu. Ukingo wa picha umemkata kichwa. Mkono wake umetulia begani kwa Rahabu.

Alikwenda nyumbani, akafungua kabati. Gauni lilining'inia mahali pake. Begani palikuwa na alama za vidole vitano vya udongo mwekundu. Aligusa. Ulikuwa mbichi.

Gauni alilifua mara tatu, vidole havikutoka. Picha aliitolea kiberiti. Njiti iliwaka hadi ikamuunguza, akaipuliza.

Waliowahi kuingia nyumba ile wanasema picha imo ukutani hadi leo. Katika picha zake zote, ni hiyo tu ambamo hayuko peke yake.