Pasi Yapata Mwenyewe

Harufu ya kitambaa kilichoungua ilifika kwa majirani kabla Dobi mwenyewe hajaisikia. Alipoinua pasi, kola ya shati jeupe ilikuwa imepata rangi ya chai.

"Tena?" aliuliza mkewe kutoka kaunta.

"Tena," alijibu Dobi.

Duka lao lilikuwa la vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kaunta, na hapo mke alipokea nguo za wateja. Cha nyuma kilikuwa na mabeseni, kamba na meza ya pasi. Hapo ndipo Dobi alipopigana na nguo. Nasema alipigana, maana kupiga pasi ni jambo jingine kabisa. Baba yake, aliyewaachia duka, alikuwa bingwa wa pasi. Siku ya kuwakabidhi alisema, "Mume kwenye pasi, mke kaunta." Ikawa hivyo, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Dobi hakuwa mvivu. Kila alipounguza nguo, aliongeza bidii, na kila alipoongeza bidii, aliunguza zaidi. Nyumbani akawa mkali. Mtoto akiangusha kijiko tu, kelele. Mwishowe akakata shauri.

"Mwisho wa mwezi namuuzia yule fundi simu wa mtaani duka hili," alimwambia mkewe. "Analitaka siku nyingi. Mimi kazi hii siiwezi."

Mkewe alilipenda duka lile. Aligeukia rafu za nguo ili mumewe asione machozi yake.

Mchana wa siku hiyo jirani yao alikuja kuchukua mashuka. Alikuwa mama wa makamo, mshauri katika kituo cha afya. Aliiona ile kola, kisha akamwona Dobi alivyonuna.

"Kaka, una nini leo?"

Dobi akamwaga yote. Mkono wake mzito. Hana subira. Ana maneno mengi. Anasahau pasi ikiwa moto. Baba yake angemwona angelia.

"Umenitajia usiyoyaweza bila hata kuvuta pumzi," alisema jirani. "Haya, nitajie unayoyaweza."

Dobi alikuna kichwa. Akatazama dari. Akatazama beseni.

"Kula," alisema hatimaye.

Jirani alicheka mpaka akashika kaunta. "Hauko peke yako. Wengi tunazijua kasoro zetu kwa moyo. Uwezo wetu hatuuoni, kwa sababu unatujia kwa urahisi. Tunadhani kila mtu anao."

"Kwa hiyo nisijirekebishe?"

"Jirekebishe, hasa kama unaumiza watu. Lakini usimalize nguvu zako zote kwenye jambo usiloliweza. Utachoka, utakasirika, na nyumba nzima itakasirika nawe. Anzia penye uwezo. Pasipo na uwezo, omba msaada."

"Huo uwezo wangu nitaujuaje?"

"Jichunguze kama unavyochunguza nguo. Ni kazi gani inakusahaulisha hata chakula? Ni kazi gani ukiimaliza unajisikia mwepesi kuliko ulipoanza? Halafu waulize wanaokujua: lini mmeniona nikifanya vizuri? Wakikujibu, usibishe. Sikiliza."

Swali lile lilimkaa Dobi kichwani. Kesho yake akaanza kuuliza watu, kwanza kwa haya, baadaye kwa hamu.

Dereva wa lori alimjibu papo hapo. "Wewe ndiye uliyejua kwamba doa la shati langu ni kutu, si chai. Ulilinusa. Ukaniuliza shati nalitundika wapi. Nikakumbuka ule msumari mbovu nyumbani!"

Mwalimu mstaafu alimwambia, "Mwanangu, dobi wengine wakiona doa wanakunja uso. Wewe unakunja mikono ya shati."

Dobi alishangaa. Kumbe hilo nalo ni la kusifiwa? Madoa kwake yalikuwa mchezo. Damu aliiloweka kwenye maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huifanya ishike. Wino wa kalamu aliupangusa kwa spiriti. Mafuta aliyapaka sabuni ya vyombo kabla nguo haijaguswa na maji. Mengi aliyagundua mwenyewe kwa kujaribu kwenye matambara, huku chakula chake kikipoa.

"Nilidhani napoteza wakati," alimwambia mkewe.

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema mkewe. "Tena nilikusema sana. Nisamehe."

"Na wewe je, mke wangu? Kazi gani inakufurahisha?"

Mkewe alitazama mlango wa chumba cha nyuma. "Nikisema utakasirika?"

"Sema tu."

"Ukitoka kupeleka nguo kwa wateja, mimi nafunga mlango wa mbele. Zile ulizopiga pasi zikajikunja, nazirudia. Hakuna anayeniongelesha. Mvuke unapanda, kola inalala. Roho yangu inatulia kabisa."

Dobi aliinua kichwa. "Yale mashati yaliyosifiwa na watu wa benki?"

"Nilirudia mimi."

"Na gauni la bi harusi?"

"Hilo nalo."

Aibu ilimshika, kisha hasira. Alitoka kwenda uani akalikamua tambara lililokwisha kukauka. Aliporudi uso ulikuwa bado umekunjamana, lakini swali lilikuwa limeshamzidi nguvu.

"Kola unaanzia wapi?"

"Kwenye ncha, naelekea katikati."

"Mimi naanzia katikati!"

"Najua, baba watoto. Ndiyo maana inajikunja."

Dobi akaanza kucheka, na mkewe akacheka naye. "Na kaunta je?" aliuliza.

"Kaunta inanimaliza. Wateja wanaongea, naitikia, kichwa kinauma. Wewe ukipita dakika moja kuchukua nguo, unajua hata paka wa mteja amezaa wangapi."

"Lakini baba alisema..."

"Baba alipanga kwa kujitazama yeye. Sisi hakutuuliza."

Wakabadilishana. Siku ya kwanza Dobi alimhoji mteja mmoja kuhusu doa la rangi mpaka watu wakapanga foleni hadi nje. "Pokea nguo kwanza, mahojiano baadaye!" mkewe alipaza sauti kutoka nyuma. Pasi nayo Dobi hakuiacha kabisa. Mkewe alimfundisha taratibu, kwa kuanza na mashuka, kwa sababu shuka halina kola.

Nguo zikaacha kuungua. Watu wakaanza kuleta madoa waliyokwisha kuyakatia tamaa. Mteja akiuliza ni nani aliyenyoosha shati vizuri namna ile, Dobi alijibu kwa sauti, "Mke wangu!" Nyumbani kijiko kikianguka, kiliokotwa tu. Dobi alikuwa mtu mwenye furaha, na hakuwa na haja ya kuificha.

Mwisho wa mwezi fundi simu alifika na futi kamba. Mke wa Dobi alisikia sauti yake akatoka haraka. Mumewe hakuwa amerudia habari ya kuuza duka, wala kuifuta.

"Nimekuja kupima mlango," alisema fundi simu.

Dobi hakutazama mlango. Alikuwa ameinama juu ya kaunta, akikodolea macho mfuko wa shati la mgeni.

"Hiyo ni grisi au wino?"

"Sijui. Hilo doa lina mwaka sasa. Huu mlango una..."

"Huwa unaweka nini humo? Bisibisi?"

"Ndiyo, bisibisi. Umejuaje?"

"Basi ni grisi. Vua."

"Nivue? Bwana, mimi nimefuata duka!"

"Duka lina wenyewe," alisema Dobi. "Mimi ni wa madoa, mke wangu ni wa pasi. Vua shati hilo."

Fundi simu alirudi kwake na fulana, bila duka na bila shati. Mke wa Dobi aliingia chumba cha nyuma, akawasha pasi.