Pensheni ya Watu Wawili

Kila siku Osundwa aliamka saa kumi na moja alfajiri. Hakuwa na haja ya kuamka mapema hivyo. Alikuwa amestaafu tangu mwaka uliopita, lakini mwili wake ulikuwa haujapata habari.

Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari. Mwishoni alisimamia karakana nzima. Sasa alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mkewe, Jescah, alikuwa na miaka hamsini na mitano. Waliishi mtaa wa Shieywe, mjini Kakamega. Jescah aliweka cherehani barazani, akashona sare za shule. Mtoto wao, Bravin, alifanya kazi Eldoret.

Asubuhi walikunywa chai kwa nduma za kuchemsha. Kisha Osundwa alipangusa gari lake. Lilikuwa gari kuukuu, lakini liling'aa. Tangu alinunue, watu walimwita mheshimiwa. Palipokuwa na mchango wa harusi au matanga, jina lake liliitwa kwanza. Naye aliinuka akatoa.

"Tunakula jasho letu, Mama Bravin," alisema. "Mungu ametukumbuka."

"Ametukumbuka kweli," Jescah alijibu, akivuta uzi.

Osundwa alipokuwa kazini, sehemu ya mshahara wake iliwekwa katika mfuko wa pensheni. Alipostaafu alipewa theluthi moja mkononi. Kwa pesa hiyo alijenga vyumba sita vya kupangisha wanafunzi huko Shirere, kisha akanunua gari. Theluthi mbili zilizobaki zilikuwa shilingi milioni tano. Hizo aliziacha katika mfuko ili ziendelee kuzaa faida. Kila mwaka angechagua sehemu ya kutoa. Kanuni zilisema asitoe zaidi ya asilimia kumi na tano kwa mwaka. Osundwa alichagua kumi na tano kamili. Kila mwezi alipokea shilingi elfu sitini na mbili na mia tano.

Mwaka wa pili ulipoanza, ujumbe uliingia kwenye simu yake. Aliusoma, akavua miwani, akaipangusa, akausoma tena.

"Mama Bravin! Hawa watu wamekula pesa yangu!"

"Watu gani?"

"Wa pensheni. Mwezi huu wameleta elfu hamsini na saba na kitu. Na ile milioni tano sasa ni milioni nne na laki sita! Nimeibiwa mchana!"

Alichukua funguo za gari. Alitaka kwenda katika ofisi ya mfuko siku hiyo hiyo. Jescah alisimama mlangoni.

"Baba Bravin, ukienda na hasira hivyo, utagombana na askari wa lango kabla hujaona mtu yeyote. Twende kwanza kwa Moraa. Yeye anajua mambo ya hesabu."

Moraa alikuwa jirani yao wa lango la pili. Alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika mpaka alipostaafu. Mumewe alikuwa amefariki. Aliwakaribisha, akasoma ule ujumbe polepole. Kisha akafungua kompyuta yake mezani.

"Jirani, hujaibiwa," alisema. "Ulitoa pesa nyingi kuliko faida iliyoingia. Kwa hiyo mfuko umepungua. Mfuko ukipungua, asilimia kumi na tano yake pia inapungua. Njooni muone."

Katika kompyuta alifungua ukurasa wenye visanduku vingi. Watu huita programu hiyo ekseli. Visanduku vilipangwa kwa safu za kwenda chini na mistari ya kwenda kando.

"Kila mstari ni mwaka mmoja," Moraa alieleza. "Safu hii ni umri wako. Hii ni pesa iliyo katika mfuko mwaka unapoanza. Hii ni sehemu unayotoa. Hii ni faida ya zile zinazobaki. Ya mwisho ni pesa ya kuanzia mwaka unaofuata. Mimi ninaandika mstari wa kwanza tu. Mingine kompyuta inajaza yenyewe."

"Faida umeweka ngapi?" Osundwa aliuliza.

"Asilimia tisa. Ni makisio tu. Hakuna anayejua faida ya kesho. Ndiyo maana tunaiweka katika kisanduku chake peke yake. Tazama, nikiandika sita badala ya tisa..."

Alibonyeza. Safu nzima ikabadilika mara moja, kutoka juu hadi chini. Osundwa alisogeza kiti karibu. Jambo hilo alilielewa. Kiwandani, ukifungua bomba moja la mvuke, mashine zote za mbele hubadilisha mwendo.

"Tufike umri gani?" Moraa aliuliza.

"Andika mpaka sabini," Osundwa alisema.

"Kwa nini sabini?"

"Baba yangu alikufa na sitini na minne. Ndugu yangu mkubwa, sitini na sita. Kwetu wanaume hawafikangi mbali. Sabini ikifika, nitashukuru. Sitaki kufa nikiacha pesa imelala."

Moraa aliandika alivyoambiwa. Mistari ikaishia sabini. Jescah alikuwa akitazama mwisho wa ule ukurasa, mahali ambapo visanduku vilibaki vyeupe.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe nini?" Osundwa akamgeukia.

"Ukiwa na sabini, mimi nitakuwa na sitini na minne. Mama yangu, Khalayi, ana tisini na mmoja. Jana alikuwa akipalilia mboga. Kwetu wanawake wanafikanga mbali sana. Sasa hapo chini, penye weupe, mimi nitakuwa nakula nini?"

Osundwa alitazama pale penye weupe. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mitatu, na hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Siku zote alipofikiria kifo, aliona jeneza lake na watu wakilia. Hakuwahi kumwona Jescah siku iliyofuata, akiwasha jiko peke yake.

Moraa aliongeza safu nyingine, akaandika juu yake: "Umri wa Jescah." Kisha akavuta mistari kwenda chini mpaka Jescah akafika tisini na tano.

"Faida nimeirudisha tisa," alisema. "Na bei ya vitu nimekisia inapanda kwa asilimia sita kila mwaka. Sasa angalieni Mama Bravin akiwa na themanini. Mkiendelea kutoa kumi na tano, kwa mwezi mfuko utaleta elfu nane na mia tano."

"Si mbaya sana," Osundwa alisema kwa sauti ndogo.

"Jirani, hiyo ni elfu nane ya wakati huo. Unga utakuwa umepanda, sabuni imepanda, dawa zimepanda. Itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa na elfu mbili."

"Elfu mbili kwa mwezi?"

"Kwa mwezi."

Osundwa alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Punguza. Hiyo kumi na tano, ipunguze."

Walijaribu kumi. Wakajaribu nane. Walipoandika saba, pesa katika mfuko iliacha kukonda. Ilipanda kidogo kila mwaka. Kwa mwezi wangepata elfu ishirini na saba. Jescah akiwa na themanini, angepata kama elfu thelathini na nane. Hizo zingenunua kile ambacho leo kinanunuliwa na karibu elfu tisa.

"Si utajiri," Moraa alisema, "lakini atakula, na atanunua dawa. Na kuna kodi ya nyumba za Shirere kumsaidia."

Osundwa alikunja uso. "Umesema kodi. Serikali nayo haitanikata katika pensheni?"

"Kwa sheria ya sasa, ukifikisha umri wa kustaafu uliowekwa na mfuko uliosajiliwa, pensheni yako haikatwi. Lakini sheria hubadilika. Kila mwaka uliza mfuko wako au KRA, ofisi ya kodi ya serikali. Usinisikilize mimi tu. Haya, hizo nyumba za Shirere zinaleta ngapi?"

"Vyumba ni sita, elfu tano kila kimoja," Jescah alijibu. "Lakini wanafunzi wakienda likizo ndefu, miezi miwili hatupati kitu."

"Basi ni laki tatu kwa mwaka. Mnazitolea kodi ya serikali?"

Osundwa alitazama pazia. Jescah alitazama sakafu.

"Sijawauliza ili niwaaibishe," Moraa alisema. "Wengi hawajui. Wapangaji wakikulipa zaidi ya laki mbili na elfu themanini na nane kwa mwaka, unatakiwa kutoa asilimia saba na nusu ya kila kodi unayopokea. Unalipa kabla ya tarehe ishirini ya mwezi unaofuata. Mwezi mkipokea elfu thelathini, kodi ya serikali ni elfu mbili mia mbili na hamsini. Tuiweke hapa katika safu yake. Pesa hiyo si yenu hata ikiwa mfukoni mwenu."

"Na mwaka uliopita?" Jescah aliuliza.

"Nendeni wenyewe mkaseme. Mtalipa na faini kidogo. Mtu anayekwenda mwenyewe hulala usingizi."

Kabla ya kuondoka, Moraa aliwauliza jambo moja zaidi. "Jirani, katika mfuko umeandika jina la nani, Mungu akikuita?"

"Niliandika marehemu mama, nilipoajiriwa," Osundwa alisema. Aliposikia maneno yake mwenyewe, alishika kichwa.

Wiki hiyo walikuwa na kazi nyingi. Osundwa alikwenda katika ofisi ya mfuko wa pensheni, lakini hakugombana na mtu. Alijaza fomu ya kupunguza kutoka kumi na tano hadi saba. Alijaza nyingine, akaandika jina la Jescah. Katika ofisi ya KRA, msichana aitwaye Chepkorir aliwaonyesha jinsi ya kulipa kodi ya serikali kwa simu. Walilipa ya nyuma pia. Iliuma, lakini walitoka wakiwa wepesi.

Jambo gumu zaidi lilikuwa gari. Osundwa alilizunguka siku tatu. Mwishowe aliliuza kwa mwalimu mmoja wa Buyangu. Pesa hiyo waliiweka katika chama cha akiba. Katika ule ukurasa wa Moraa, Jescah aliiandikia safu yake, akaiita "Dharura".

Watu walishangaa kumwona mheshimiwa akitembea. Katika mchango wa harusi uliofuata, jina lake liliitwa kwanza kama kawaida. Osundwa aliinuka, akatoa elfu moja. Mtu mmoja akacheka. Osundwa alihisi masikio yakipata moto. Lakini alikaa, akaimba pamoja na wengine, na harusi ikafanyika vizuri.

Bravin aliwatumia kompyuta aliyokuwa ameacha kuitumia. Moraa alimfundisha Jescah kila Jumamosi alasiri. Kuna siku Jescah alifuta safu nzima kwa bahati mbaya, akapiga kelele kama aliyeona nyoka. Moraa alimwonyesha kitufe cha kurudisha. Polepole Jescah alizoea. Kila Januari waliandika pesa iliyo katika mfuko kwa kweli, si ile waliyokisia. Mwaka mmoja faida ilikuwa asilimia saba tu. Walipunguza kidogo walichotoa, wakaendelea.

Miaka mitatu ilipita. Msimu wa mvua, Khalayi, mama yake Jescah, aliteleza shambani akavunjika nyonga. Alihitaji upasuaji. Ndugu walianza kupigiana simu usiku na mchana. Mmoja alitaka kuuza shamba. Mwingine alitaka kukopa kwa watu wa riba kubwa.

Jescah alifungua kompyuta. Safu ya dharura ilikuwa na pesa. Sehemu aliyotakiwa kuchangia ilikuwepo yote.

"Tukiitoa, haitagusa pensheni?" Osundwa aliuliza.

"Haitagusa hata shilingi."

"Basi mpelekee mama."

Khalayi alipasuliwa. Alilala hospitalini wiki mbili, akitoa amri kwa wauguzi. Kisha alikuja Shieywe kukaa kwa binti yake. Kwanza alitembea na chuma cha kushikilia, baadaye kwa fimbo.

Jumapili moja Jescah alichinja kuku. Alisonga obusuma, ugali wa kwao, akapika na mboga za kienyeji. Walimwita Moraa. Khalayi alikuwa ameketi penye jua, miguu imefunikwa kwa leso.

Osundwa alisimama kuomba. Kwa kawaida maombi yake yalikuwa mafupi, maana chakula hupoa. Siku hiyo alikawia.

"Mungu, asante kwa mama huyu anayetembea. Asante kwa mke wangu, ambaye aliniuliza swali nililopaswa kujiuliza mwenyewe. Asante kwa jirani. Nilifika kwake nikitukana watu, akanipa kiti. Hakunicheka. Hakutangaza. Mjazie pale alipopungukiwa. Amina."

"Amina," wote walijibu. Moraa alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Mimi nilijifunza hesabu hizo nikiwa nimechelewa," alisema. "Mume wangu alikufa hatujaketi hata siku moja kuzifanya. Nilipowaona nyinyi wawili mko mbele ya ile kompyuta, mkibishana, nilifurahi. Kwa hiyo ni mimi ninayeshukuru."

Jescah alileta sufuria. Osundwa alichukua mwiko mwenyewe, jambo lililomfanya Khalayi ainue nyusi. Alitafuta ndani ya mchuzi mpaka akaipata firigisi. Kwa desturi ya kwao, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba.

Aliiweka katika sahani ya Moraa.

"Haya, jirani," alisema. "Kula."