Jogoo Ndani ya Wimbo wa Lesian

Kila Jumamosi jioni, watoto wa mtaa wetu wa Sokon One walipata adabu ghafla. Walinawa miguu bila kufokewa, wakamwamkia Mama Sia mara mbili mbili, na wengine wakambebea hata ndoo ambayo hakuomba ibebwe. Chanzo cha adabu yote hiyo kilikaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwake: televisheni.

Miaka ile redio za watu binafsi zilikuwa zinachipuka kila kona, na vijana walirekodi nyimbo kwa jasho lao bila kuwa na tajiri nyuma yao. Kipindi cha Jukwaa la Jumamosi kiliwapa nafasi ya kuimba moja kwa moja, bila kurekebishwa. Ukikosea, nchi nzima imekuona. Ndiyo maana sisi watoto tulikipenda.

Sinyati, msichana wa darasa la sita, alikaa mbele kabisa kwenye mkeka, bega kwa bega na rafiki yake Sia, binti wa nyumba ile. Kwao Sinyati hakukuwa na televisheni, lakini kulikuwa na redio kaseti. Akishamaliza kuosha vyombo na kukata majani ya ng'ombe, aliketi mbele yake na kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akimwombea mtangazaji anyamaze wimbo uanze. Shuleni, aliyetangulia kusikia wimbo mpya ndiye alikuwa mkubwa wa wiki. Sinyati alikuwa mkubwa wiki nyingi sana, hadi wavulana wa darasa la saba walimpisha kwenye foleni ya uji ili awaimbie kibwagizo.

Kaka yake, Lesian, alichomelea mageti mchana na kutunga nyimbo usiku. Mwaka ule alirekodi wimbo wake wa kwanza. Sehemu kubwa ilikuwa ya Kiswahili, lakini katikati palikuwa na ubeti wa Kimaasai, wa polepole, ambamo alimwita baba yao aliyefariki, kwa namna baba mwenyewe alivyokuwa akiwaita ng'ombe jioni. Yeyo, mama yao, aliusikiliza ubeti ule mara moja tu, akatoka nje kwenda kuwatazama kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jukwaa la Jumamosi lilipotangaza kwamba litakuja kurusha kipindi kutoka ukumbi mmoja wa Arusha, Lesian alichaguliwa. Mwandaaji, Bwana Elinami, aliweka sharti moja. Wimbo usiwe umesikika popote kabla ya siku hiyo, na msanii atoe ahadi yake. Lesian aliahidi. Kisha akampa mdogo wake kanda ausikilize, maana aliyaamini masikio yake kuliko ya fundi wa studio.

"Niambie panapokwaruza," alisema. "Lakini isitoke humu ndani, Sinyati. Hata kwa dakika moja."

Sasa, kumwambia mkubwa wa wiki asiseme chochote ni sawa na kumpa mbuzi mahindi ayalinde. Sinyati alivumilia siku mbili. Siku ya tatu alimnong'oneza Sia, na Sia akaomba kuisikiliza kanda. Alipokataliwa, hakununa. Alitabasamu tu, akamkumbusha kwamba kila Jumamosi yeye Sinyati hukaa mbele, na hakuna siku aliyoambiwa ahamie nyuma.

"Mimi na wewe tunafichana?" aliuliza Sia. "Nitaisikiliza mara moja. Kesho baada ya ibada unayo."

Sinyati aliitoa. Na kweli, kesho yake baada ya ibada Sia aliirudisha, ikiwa imefungwa vizuri kwenye leso. Akasema Lesian ni mkali, akamkumbatia rafiki yake. Sinyati alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akijiambia kwamba amefanya kosa dogo ambalo halikumuumiza mtu.

Jumatano ilikuwa siku ya gulio la Tengeru. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Sinyati alimsindikiza yeyo kuuza maziwa na ndizi. Hawajamaliza hata kupanga mikungu, spika ya kibanda cha kanda ikaanza kupiga wimbo ambao Sinyati aliujua kila pumzi yake. Kwanza moyo ulimruka kwa furaha, kama vile mtu amemwita jina. Halafu ukaanguka.

Ulipofika ule ubeti wa baba, sauti nyingine iliingia juu ya sauti ya Lesian, kali, ya mwanamke, ikitokea mbali kidogo: "Sia! Huyo jogoo anakunywa uji wote, wewe umekaa tu na maredio!"

Jogoo mwenyewe akafuata, akawika.

Wauza vitunguu walicheka hadi wakashika mbavu. Vijana wawili waliokuwa wakishusha magunia waliurudia mstari huo kwa pamoja. Walidhani ni sehemu ya wimbo, tena ndiyo sehemu tamu. Yeyo hakucheka. Aliinamisha uso kwenye kidumu cha maziwa, na Sinyati akatamani ardhi ya Tengeru, pamoja na ndizi zake zote, immeze.

Mtu asiye na deki ya kanda mbili hunakili kwa njia ya watoto: anaweka redio mbili zitazamane, moja inapiga, nyingine inarekodi, pamoja na kila kinachopita chumbani. Sia alikuwa amefanya hivyo. Nakala akampa binamu yake, Rodrick, mwenye kibanda kile, kwa ahadi ya kupewa kanda mpya kila zinapoingia.

Sinyati alimfuata Sia jioni ileile. Sia alikana, akakana tena, hadi alipoambiwa habari za jogoo. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango.

"Kwani nimeua? Si nimemtangazia kaka yako bure?"

"Nilikupa wewe," alisema Sinyati. "Sikumpa Rodrick. Nilikupa wewe."

Kupigwa na adui kuna nafuu yake, maana unajikinga. Rafiki anakupata ukiwa umemfungulia mikono umkumbatie. Sinyati aliukumbuka ule mkumbatio wa baada ya ibada, akajisikia kama mtu aliyekunywa maji kisha akaonyeshwa chura kisimani.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Bwana Elinami alikuwa ameusikia wimbo mjini, akamwita Lesian na kumwambia kwamba mtu anayeuza wimbo wake kwa siri baada ya kuahidi hafai kusimama kwenye jukwaa lake. Nafasi angepewa mwingine. Lesian alikaa kwenye kigoda, miwani ya kuchomelea bado iko kichwani. Sinyati aliposimulia ukweli, kaka yake hakumgombeza.

"Nilimwapia Elinami kwamba kanda haijatoka nyumbani," alisema tu. "Niliapa kwa kukuamini wewe."

Afadhali angempiga.

Msaada ulitoka upande ambao haukutarajiwa. Mama Sia aliuza nguo za mitumba soko la Kilombero, mama anayeheshimika, mzee wa kanisa. Alhamisi asubuhi wateja walianza kumuuliza hali ya jogoo. Alidhani wamechanganyikiwa, hadi kijana mmoja alipompigia kanda. Alisikiliza sauti yake mwenyewe mpaka mwisho, akafunga meza, akaenda nyumbani kumhoji binti yake. Mahojiano hayo sitayasimulia. Niseme tu kwamba yalikuwa mafupi na Sia alijibu kila swali.

Mchana ule Mama Sia alimpitia Rodrick, akazichukua kanda zote zilizobaki, kisha akampitia Sinyati, akasikia kwamba Lesian amenyang'anywa nafasi, akamwongoza yeye na Sia hadi ukumbini. Bwana Elinami alikuwa akielekeza watu wa nyaya. Mama Sia alimsalimia kwa heshima, akamwambia kwamba yule kijana hakuvunja ahadi yake, bali aliibiwa, na wimbo ulinakiliwa nyumbani kwake yeye Mama Sia. Elinami aliuliza atathibitishaje. Mama Sia alikiweka sawa kitenge chake, akavuta pumzi, akayarudia maneno ya jogoo kama yalivyo. Fundi mmoja wa nyaya aligeuka na kusema, "Ni yeye."

Halafu Sia alieleza yote kwa kinywa chake, akilia. Na Sinyati, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema kwamba kanda ilitoka mkononi mwake. Mwisho Elinami alisema nafasi ya Lesian ipo.

Jumamosi sebule ya Mama Sia ilijaa hadi mlangoni. Sinyati alikaa pembeni, na Sia upande wa pili. Katikati yao waliketi watoto wengine. Lesian alitokea katika shati jeupe, akaanza kuimba, na watoto wakapiga makofi. Ulipofika ubeti wa baba, watu ukumbini walipaza sauti kwa furaha, wakaimba habari za jogoo. Lesian alisimama kidogo. Macho yake yalishuka. Kisha akauimba ubeti wote tangu mwanzo, polepole, juu ya vicheko vyao, mpaka ukumbi ukanyamaza.

Mama Sia alizima televisheni baada ya wimbo, na hakuna mtoto aliyethubutu kuguna.

"Nafasi yake tumeirudisha," alisema. "Kile kicheko hatuwezi kukirudisha. Kila atakapoimba, kitakuwepo. Sia, uliaminiwa ukauza, kwa hiyo usimdai mwenzako urafiki. Mtumikie mpaka yeye mwenyewe aone." Kisha akamgeukia Sinyati, na sauti yake ikapungua ukali. "Na wewe, mwanangu, una haki ya kulia kwa kusalitiwa. Lakini ulitoa kisichokuwa chako. Imani ya mtu haikopeshwi, hata kwa rafiki. Ukiulizwa, jibu: si yangu. Hayo ni maneno mawili tu."

Sinyati aliitikia, akaaga, akatoka kwenda kumsubiri kaka yake barabarani.