Chuma Kisiguse Chuma

JUMATANO, ALASIRI

Juu ya meza palikuwa na vipande vitatu. Kimoja cha plastiki ngumu, kimoja cha mpira, na kimoja cha bati lililopuliziwa kitu cheusi, kinachokwaruza kama msasa. Shoka alivipanga kwa mstari, kisha akafunga mlango wa chumba cha nyuma cha gereji. Kule mbele, mashine ya kujaza upepo ilinguruma na kumeza maneno yao.

"Jumamosi tunabeba sefu," alisema. "Ofisi ya mnunuzi wa dhahabu. Wanahamia jengo jingine. Wahamishaji wao wanafika saa sita. Sisi tunafika saa nne, tumevaa ovaroli kama zao. Sefu inashuka kwa kapi na mnyororo, inaingia kwenye pikapu, tunaaga, tunaondoka."

"Ofisi ipi?" aliuliza Usukani.

"Dereva ataambiwa akiwa njiani."

Walikuwa watatu. Shoka, mwenye gereji ya matairi na mwenye neno la mwisho. Bisibisi, ambaye sefu zilimtii kuliko mdomo wake ulivyomtii. Usukani, mwenye pikapu nyeupe, aliyemwoa dada yake Shoka. Kiti cha nne kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Kitinda, mdogo wao Shoka na huyo dada. Kitinda alikuwa mahabusu.

Kazi ya mwisho walibeba sefu ya kijani kwenye gari la Kitinda, bodi ya nyuma ikiwa haijatandikwa kitu. Chuma kilikwaruza chuma. Sefu ilipakuliwa salama, lakini rangi ya kijani ilibaki kwenye mikwaruzo. Kesho yake askari walimsimamisha Kitinda barabarani, wakaiona, wakaichokoa kwa kisu na kuitia kwenye bahasha. Walisema walimsimamisha kwa bahati. Shoka hakuwa mtu wa kuamini bahati.

"Safari hii chuma kisiguse chuma," alisema. "Tunaweka kinga kwenye bodi. Kila mtu ataje yake na sababu yake."

Bisibisi aligonga kipande cha kwanza kwa ukucha. "Beseni la plastiki. Unalitumbukiza ndani ya bodi, unalibana kwa skrubu nne. Kazi ikiisha unalitoa, unalichoma. Ushahidi unakuwa moshi."

"Linateleza," alisema Usukani. "Weka sefu juu yake, kanyaga breki, sefu inakuja kukusalimia mgongoni. Halafu halikai sawa na bati. Chini yake hubaki uwazi."

"Uwazi," alirudia Shoka. Alimgeukia Bisibisi. "Wa kuficha nini?"

"Kutu, mkubwa. Nifiche nini mimi, njaa?"

Hakuna aliyecheka.

"Mimi nasema zulia la mpira," aliendelea Usukani. "Ni zito, linashika mzigo, halina kelele. Kazi ikiisha unalikunja, unalizamisha mtoni."

"Na hii ya kupuliza?"

Usukani alipitisha kidole juu ya lile bati. "Ndiyo bora, sikatai. Inaganda na bodi, mzigo hausogei. Lakini haitoki tena. Na gari linalala kwa fundi hadi ikauke. Mtu anaweza kufunga kifaa cha kufuatilia huko chini, askari wakufuate hadi chumbani."

"Kwa hiyo hutaki gari lilale mbali na wewe."

"Sijasema hivyo, shemeji."

"Nimesikia ulichosema."

Shoka alivikusanya vile vipande, akavitia mfukoni kimoja baada ya kingine. Halafu akanyoosha mkono kwa Usukani. Usukani alielewa. Akaweka ufunguo wa pikapu kwenye kile kiganja.

"Nitachagua mwenyewe," alisema Shoka. "Na mjue jambo moja. Atakayetuuza safari hii, mahabusu hataiona. Nitamzika kwa mikono yangu, awe nani."

Alisema "awe nani" huku akimwangalia shemeji yake.

ALHAMISI, JIONI

Zulia la mpira lilikuwa limekunjwa kando ya ukuta wa gereji, jipya, harufu yake kali.

"Umeshinda," Shoka alimwambia Usukani. "Ni mpira. Bisibisi asijue. Ule mdomo wake ni mlango usio na komeo."

"Nalipimia wapi? Gari silioni."

"Gari liko salama. Vipimo si unavijua?"

Usukani alivijua. Alilitandaza zulia sakafuni, akachukua kisu cha kukatia matairi na kukata nafasi mbili za matuta ya magurudumu, moja kila upande. Alikata vizuri, bila haraka, kama mtu anayekatia gari lake. Mabaki yakawa vipande viwili. Kimoja akakisukuma pembeni kwa mguu. Cha pili akakiviringisha na kukitia kwapani. Mke wake alikuwa amelalamikia tope la mlangoni wiki nzima.

Alimkuta nyumbani anakunja nguo za watoto.

"Cha nini hicho?"

"Cha mlangoni. Si umenipigia kelele?"

Alikipokea, akakinusa. "Kipya hiki. Umekitoa wapi?"

"Mabaki."

"Mabaki ya nini, baba watoto?"

"Mama watoto, kuna maswali hayana faida."

Mke wake alikilaza kile kipande mlangoni, akakikanyaga kona mpaka kikatulia. Gari lilikuwa halipo uani tangu jana. Mume wake alikuwa amefua ovaroli ambayo yeye mke hakuijua, akaianika kwa ndani. Na alikuwa amemwambia mkubwa wao wa kiume kwamba Jumamosi asimtegemee kwenda naye mpirani.

"Nimetoka kumwona Kitinda," alisema, mgongo wake ukimwelekea mumewe. "Amekonda. Shingo imebaki kama ya kuku. Nimemwomba kaka amtafutie wakili. Unajua kanijibu nini? Wakili ni mdomo mwingine."

"Shoka ana hesabu zake."

"Kitinda amefunga mdomo kwa ajili yenu. Hiyo kaihesabu wapi?"

Usukani alivua viatu, akavifutia tope kwenye mpira. Ulishika vizuri.

JUMAMOSI, SAA TATU ASUBUHI

Shoka aliileta pikapu mwenyewe. Namba zilikuwa mpya. Usukani alifungua mlango wa nyuma wa bodi, akasimama.

Bodi nzima ilikuwa nyeusi, ngumu, inayokwaruza kama msasa. Ilikuwa imepuliziwa.

"Si ulisema beseni?" Bisibisi aliropoka.

Usukani alimtazama Bisibisi. Bisibisi akamtazama Usukani. Zulia la mpira lilikuwa bado limeegemea ukuta palepale, na nafasi zake mbili zilizokatwa.

"Nilibadili mawazo," alisema Shoka. "Pandeni."

SAA NNE

Mlinzi wa ofisi aliwafungulia lango bila kusimama. Mama wa mapokezi alitazama ovaroli, hakutazama sura.

"Mmewahi."

"Kuwahi si dhambi, mama," alisema Bisibisi. "Dhambi ni kuwahi halafu mkose chai."

Mama alicheka. Akawaonyesha chumba.

Sefu ilikuwa ya kijivu, inamfikia mtu kiunoni. Waliiviringisha juu ya vipande vya bomba hadi kwenye roshani, wakaifunga minyororo, wakaishusha kwa kapi. Mlinzi aliacha lango akaja kusaidia kuielekeza. Ilitua kwenye bodi na kutoa mlio mzito, mfupi. Usukani aliisukuma kwa bega kuijaribu. Haikusogea. Waliizungushia magodoro na maboksi matupu, wakavuta turubai juu. Bisibisi akapanda nyuma na kuketi juu ya mzigo.

"Msisahau na makabati," mama wa mapokezi aliwaambia.

"Tunarudi," alisema Shoka.

SAA TANO KASORO

Kizuizi kilikuwa kwenye barabara ya kutokea mjini. Pikapu nne nyeupe zilikuwa zimewekwa pembeni, wenye nazo wakiteremsha mizigo juani. Malori yalipita. Magari madogo yalipita.

"Wanataka pikapu," Usukani alinong'ona.

"Naona. Endesha kama mtu mwenye haki yake."

Askari hakuomba leseni. Alikwenda moja kwa moja nyuma.

"Habari ya kazi, afande?" Bisibisi alimsalimia kutoka juu ya turubai. "Tunahama. Mwenye nyumba ametuchoka."

Askari alifungua mlango wa bodi, akainua pembe ya turubai, akaingiza mkono chini ya godoro. Hakugusa maboksi. Alipapasa sakafu. Alikwaruza kwa kucha. Kisha akawasha redio yake ya mkononi, karibu kabisa na dirisha la Shoka.

"Hii nyingine siyo. Imepuliziwa. Ndiyo, afande, nimeshika kwa mkono. Zulia la mpira hakuna."

Alifunga mlango wa bodi, akaupiga kofi. "Nendeni."

Usukani alitia gia. Walipita kona ya kwanza, ya pili. Kizuizi kikapotea kwenye kioo. Mlio mdogo wa chuma ulisikika. Bastola ilikuwa imelala juu ya paja la Shoka, mdomo wake ukielekea mbavu za kushoto za dereva.

"Bisibisi nilimwambia beseni," alisema Shoka, kwa sauti ya mtu anayesoma mita. "Wewe nilikuambia mpira. Ile ya kupuliza sikumwambia mtu. Na askari wanatafuta mpira."

"Sikumwambia mtu, shemeji."

"Wewe ndiye uliyeujua."

"Naapa kwa watoto wangu. Sikutamka."

Huo ulikuwa ukweli mtupu, na sauti ya Usukani iliubeba vizuri. Shoka alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ilikuwa imekataa kukaa. Alitazama barabara. Kisha akatazama mikono ya dereva, ile iliyokata zulia.

"Ulikata nafasi mbili," alisema. "Gereji nimeokota kipande kimoja."

Usukani alibadili gia.

"Cha pili kiko wapi?"

"Nilikitupa."

"Mpira mpya? Wewe? Wewe unayeokota hata nati barabarani?" Mdomo wa bastola ulipanda kidogo. "Kiko wapi?"

Mbele yao palikuwa na lori la kokoto. Usukani alilitazama hadi alipoweza kusoma maandishi ya nyuma. Mtego wa shemeji yake ulipimiwa wanaume wawili, na kila mwanaume na siri yake. Haukupimiwa mlango wa nyumba. Aliona mguu wa mke wake ukikandamiza kona ya mpira. Aliona shingo ya Kitinda, kama ya kuku. Akajua. Na kwa kimya chake, Shoka naye akajua.

"Mlangoni kwako," alisema Shoka polepole. "Umempelekea dada yangu."

"Shemeji..."

"Geuza gari."

"Sefu iko nyuma, twende kwanza tu..."

"Geuza gari. Twende kwako. Nilisema awe nani."

Usukani aligeuza. Gari lilipanda kingo za barabara, likashuka. Nyuma, Bisibisi aligonga kioo kwa ngumi, midomo ikiuliza kitu.

Njia za kufika nyumbani kwa Usukani zilikuwa mbili. Moja ilikata kushoto, ikapita machimbo ya mawe, vumbi tupu, bila askari. Nyingine ilikuwa ileile waliyojia, yenye kizuizi.

"Shika ya machimbo," alisema Shoka.

Usukani aliongeza mwendo. Mshale wa spidi ulipita mia.

"Nimesema kushoto."

Kona ya machimbo ilifika. Ikapita.

Bastola ilimgusa mbavuni, imekaza. "Unataka kufa?"

"Piga," alisema Usukani. "Kwa mwendo huu ukipiga, nani atashika usukani? Wewe hujui hata kuiegesha vizuri."

Shoka hakupiga. Alipiga hesabu, kama alivyozoea, na ilipokamilika kizuizi kilikuwa kimejaa kioo chote cha mbele. Usukani alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Matairi yalilia. Shoka alirushwa mbele, uso ukagonga dashibodi, bastola ikaangukia miguuni. Bisibisi alipaa juu ya paa, akatua juu ya boneti, akaanguka chini akigumia. Sefu haikusogea hata upana wa kidole.

Askari yuleyule alikuja mbio, bunduki mbele. Alilitambua gari kabla ya watu.

"Si nimewaachia sasa hivi?"

Usukani alikuwa ameweka mikono juu ya usukani, wazi. "Alama mliyopewa ilikuwa na kosa, afande. Inua magodoro."

Waliwalaza watatu kando ya barabara, mikono mgongoni. Bisibisi, bega likiwa limeteguka, alikuwa wa kwanza kusema. "Beseni," alilia. "Tungeweka beseni la plastiki!"

"Tungekuwa tumekufa," alisema Usukani.

Shoka alikuwa na damu puani. Aligeuza uso juu ya lami hadi akamwona. "Yule ni dada yangu."

"Ni mke wangu."

"Ametuuza."

"Kitinda naye ni mdogo wako. Wewe ulimpa nini?"

Shoka alifungua mdomo. Askari alimkandamiza kichwa chini kwa goti, na jibu, kama lilikuwepo, likabaki kwenye lami.

JIONI

Askari watatu walikwenda kupekua nyumba ya dereva. Mvua ilikuwa imenyesha na viatu vyao vilikuwa na tope. Mwanamke aliwafungulia bila kuuliza kitu, isipokuwa mdogo wake anatoka siku gani, kama walivyomwahidi. Mmoja wao akamjibu kwamba hilo litaangaliwa. Kisha wakafuta viatu, mmoja baada ya mwingine, kwenye kipande cha mpira kilichokuwa mlangoni, wakaingia.