Mgeni Aliyemfuata Bi Wadha

Mara ya kwanza Bi Wadha aliposikia mtu akikung'uta viatu nje ya mlango wa mbele, alidhani ni mumewe anarudi kutoka msikitini. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, wakati ambao mtaa wao wa Al Khoudh huwa hauna hata paka. Jua la Julai limekaa juu ya kuta nyeupe, AC zinavuma madirishani, na kila mtu kajilaza. Kishindo kilikuwa kizito, mguu mmoja kisha wa pili, kama mtu anayetaka kuangusha kitu kilichogandia kwenye soli. Kisha kimya.

Lakini mumewe, Mzee Jaifar, alikuwa ndani, amejinyoosha kwenye kochi la ukumbini, kofia kaiweka kifuani.

"Baba Bashayer, umesikia?"

"N'nasikia nini?"

"Mtu mlangoni."

"Labda wa maji," akajibu bila kufumbua macho. "Kafungue, au mwache aende zake. Joto hili, nani atampokea mtu?"

Alifungua. Hapakuwa na mtu. Juu ya marumaru, palipokuwa pakichoma hata kupitia kandambili, palikuwa na alama za nyayo mbili pana za maji, nazo zikakauka mbele ya macho yake. Na harufu. Sufu iliyorowa, na majani yaliyooza chini ya barafu. Bi Wadha akaufunga mlango taratibu. Harufu ile aliijua, na haikuwa ya Maskati.

Alikuwa karudi siku si nyingi kutoka kumtembelea binti yao Bashayer, ambaye ni muuguzi katika nyumba ya wazee huko kaskazini ya mbali ya Norwei. Mkwe wao Badr anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa maji. Wanakaa bondeni, kwenye mtaa mdogo wa nyumba za mbao, milima huku na huku, na theluji juu yake hata mwezi wa Juni. Mzee Jaifar hakwenda, magoti yake hayapendi ndege. Bi Wadha alikwenda peke yake na sanduku lililojaa halwa, ndimu kavu na udi.

Bonde lilikuwa zuri, hawezi kusema uwongo. Ila lilimchosha. Majira yale jua halizami kule. Linajificha kidogo nyuma ya mlima, mbingu inabaki nyeupe, kisha linatokeza tena. Alisali kwa ratiba aliyotumiwa Badr kutoka msikiti wa mji mwingine, na baada ya isha akalala na kitambaa cheusi machoni, usingizi usije. Na kimya kile! Hapana adhana, hapana honi, hapana mtoto anayelia. Majirani walinyanyua mkono kwa mbali wakapita.

"Watu hawa wana nini?" alimuuliza binti yake. "Mbona hata mmoja haji kubisha hodi?"

"Ndivyo walivyo, mama. Wazuri sana, lakini kila mtu na kwake."

"Basi mimi ningekufa kwa upweke."

Bashayer alicheka, lakini Bi Wadha hakuwa anatania. Watoto wake wengine walikuwa wameshatawanyika, huyu yuko Ansab na kazi zake, yule yuko Dubai. Nyumba ya Al Khoudh ilikuwa kubwa na haina sauti. Alikwenda kule kutafuta watu, akakuta kimya kingine, chenye baridi.

Siku moja Bashayer na mumewe wapo kazini, yeye kakaa jikoni na chai yake, kichwa kizito kwa kukosa usingizi, akasikia viatu vinakung'utwa kizingitini. Kisha mlango ukagongwa. Moyo wake ulifurahi kama wa mtoto. Hakuuliza nani. Akasema kwa sauti ya kwao, ile ya kumpokea mtu aliyengojewa:

"Karibu! Karibu ndani, pita, umekaribia kwako!"

Kitasa kikashuka. Mlango ukafunguka pole pole mpaka mwisho. Nje kulikuwa na njia ya changarawe, na miti mifupi, na hapana mtu. Baridi ikaingia, ikampita ubavuni, ikaenda hadi kwenye kiti kilichokuwa mkabala naye. Bi Wadha akaufunga mlango, akajiambia ni upepo. Kwa aibu hakumwambia mtu. Tangu siku ile mifupa yake ilikuwa kama imejaa maji, akasema ni ule mwanga, nikifika kwangu nitalala.

Alifika kwake, na yule mgeni akafika naye.

Kila adhuhuri viatu vilikung'utwa. Bi Wadha akawa anasoma Ayatul Kursi na kuacha mlango umefungwa, lakini mlango haukuwa tena kizuizi. Alikuwa keshakaribishwa. Na aliyekaliwa hakuwa Bi Wadha. Mzee Jaifar, aliyekuwa akilala mpaka alasiri tu, akaanza kuamka magharibi, tena kwa kutikiswa. Mtu asiyekosa sala ya jamaa akawa anasalia nyumbani, ameegemea ukuta.

"Nimechoka, mama Bashayer," alisema. "Sijui nimefanya kazi gani."

Mikono yake ilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kwenye friji. Daktari alimpima damu na moyo, akasema mzee mzima kabisa, apumzike. Apumzike! Bi Wadha alizima AC, akafungua madirisha yote, joto la nje likaingia kama la tanuri, likafika katikati ya ukumbi likasimama. Pale kwenye kochi pumzi ya mumewe ilikuwa inatoka na moshi.

Kisha akaona. Alikuwa amekaa na tasbihi karibu na miguu ya mumewe, naye mwenyewe macho yakimlemea, akautazama mto wa kochi ulio kichwani pake, mto ambao hapana aliyeukalia, ukaanza kubonyea, kidogo kidogo, kama unavyobonyea chini ya mtu mzito anayekaa kwa uangalifu ili asimwamshe mgonjwa, na ubonyefu ule ukasogea, ukashuka, ukalala sambamba na mwili wa mzee, mpaka blanketi likavutwa upande wa pili na kutulia juu ya umbo ambalo halikuwepo, na Mzee Jaifar akashusha pumzi ndefu usingizini, pumzi ya mtu anayenyonywa, na Bi Wadha, aliyetaka kupiga kelele, akagundua kwamba amechoka mno hata hiyo kelele hana nguvu ya kuitoa.

Siku ya pili alimleta Bi Mwanamize kutoka Mabela. Bibi yule aliwahi kuwatibu wengi wenye masheitani, Unguja kabla ya kuhama na hapa pia, lakini sasa ni mtu mzima, na alipanda ngazi mbili za barazani akilalamikia kiuno.

"Umenileta saa mbaya, mwanangu. Saa hizi hata majini yamelala."

"Huyu halali, Bi Mwanamize. Anatulaza sisi."

Bibi alifukiza ubani, akamnywesha Mzee Jaifar kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, akasoma. Viatu vikakung'utwa. Moshi wa ubani ukalala chini sakafuni kama kitambaa kilichorowa. Kochi likabonyea.

"Wewe nani?" aliuliza Bi Mwanamize kwa Kiswahili. Kimya. Akauliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya ukali. Kimya. Kisha midomo ya Mzee Jaifar ikacheza, macho yamefumbwa, na ikatoka sauti ya chini, isiyo na haraka, maneno ambayo bibi hajapata kuyasikia maisha yake.

"Lugha gani hii?" akanong'ona. "Mimi n'nawajua masheitani wa Kihabeshi, n'nawajua wa Kibuki. Huyu simjui. Nitamtoaje asiyenielewa?"

Bi Wadha aliyatambua maneno si kwa maana bali kwa mlio. Alikuwa ameyasikia dukani kule bondeni, na kwa Bashayer akizungumza na wazee anaowauguza. Akampigia binti yake simu.

"Mama? Mbona sauti yako hivyo?"

"Sikiliza, mwanangu, usiniulize kitu. Sikiliza, uniambie anasema nini." Akaiweka simu karibu na mdomo wa mumewe.

Sauti ikaendelea. Upande wa pili Bashayer alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni baba?"

"Mdomo wa baba yako. Anasema nini?"

"Anasema... amechoka. Ametembea sana. Kule kwao hapana anayemfungulia." Sauti ya binti ikakatika, ikarudi. "Mama, ulimkaribisha mtu hapa kwetu?"

Bi Wadha alijifunika uso kwa kiganja. Machozi yakamtoka.

"Wazee wa hapa waliniambia, nikawacheka," Bashayer akaendelea kwa kunong'ona. "Hapa mtu hutaja jina lake kabla ya kugonga. Asiyetaja jina hajibiwi. Ndiyo maana wanaishi kimya vile, mama. Si kiburi."

"Mwambie atoke," Bi Mwanamize akasema karibu na simu. "Mwambie Mungu mmoja, atoke."

Bashayer akatamka maneno. Jibu lilikuja polepole. Safari hii binti hakutafsiri.

"Bashayer!"

"Anasema, mwenye nyumba akimwambia nenda, atakwenda. Hana ugomvi." Akavuta pumzi. "Atarudi bondeni. Anasema joto la mama na la mwana ni moja, hatopotea njia. Anasema hapa kwangu kuna joto dogo zaidi, jipya, halijatoka bado."

Bi Wadha akaikamata simu kwa mikono miwili.

"Una mimba?"

"Nilitaka nikwambie kwa furaha, mama. Si hivi."

Nje basi la chuo lilipita tupu. Bi Mwanamize alikuwa amekaa chini, mkono kiunoni. "Mwanangu," akasema, "mimi dawa yangu ni kumrudisha jini kwao. Sina dawa ya kumpeleka pengine."

"Mama, tutahama," Bashayer akalia. "Mwambie atoke. Baba anakufa. Mwambie!"

Bi Wadha alimtazama mumewe, midomo imepauka, kope zina ukungu wa baridi kwenye nyumba ambayo mshumaa ungeyeyuka. Miaka yote ile waliyoishi pamoja, hajapata kumfukuza mgeni. Akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Muulize," akasema, "lazima awe baba yako?"

"Mama, usi—"

"Muulize!"

Bashayer akauliza. Jibu likawa fupi.

"Anasema yeyote. Anataka mtu wa kukaa naye tu."

"Basi mwambie mimi nipo. Mimi ndiye niliyemwambia karibu. Ahame kwa mzee, akae na mimi, na wewe asije akakugongea."

"Usifanye hivyo," Bi Mwanamize alimshika mkono. "Ukimpa kwa ulimi wako mwenyewe, mimi sitoweza tena kumtoa."

"N'najua, Bi Mwanamize."

Kochi liliinuka. Mzee Jaifar akakohoa, akageuka, rangi ikaanza kumrudia masikioni. Na Bi Wadha akahisi uzito ukimkalia mabegani, bila ukatili, kama mtoto mkubwa aliyesinzia mgongoni. Harufu ya sufu mbichi ikamfunika. Akaegemea ukuta ule ule aliokuwa akiegemea mumewe.

Tokea hapo Mzee Jaifar alipona. Alirudi kwenda msikitini, akanenepa, akawa anamshangaa mkewe. Hakuambiwa yote. Bi Wadha alihamia majlisi ya nje, chumba cha kupokelea wageni, akisema ndani kunamkera. Kila adhuhuri alikaa humo amejifunika blanketi, dirisha wazi, na ukimchungulia utadhani anamsikiliza mtu. Hakuwa na maumivu. Alikuwa amechoka tu, uchovu usioisha kwa kulala, na jambo alilomwambia Bi Mwanamize peke yake ni kwamba siku nyingine hata hamchukii.

Bashayer alijifungua salama mwezi wa Februari, mtoto wa kike. Mlangoni kwake hapajagongwa na asiye na jina. Akapiga simu analia kwa furaha.

"Mama, tunakuja. Arobaini yangu nitaikalia kwako. Badr keshaomba ruhusa."

"Msije."

"Mama..."

"Msije, mwanangu. Na mimi siji. Unajua kwa nini."

Bashayer alilia kidogo, kisha akasema, "Basi mtazame tu. Subiri, niwashe kamera."

Bi Wadha alikuwa majlisini, jua la saa saba limejaa mlangoni. Alijua ilimpasa akatae. Lakini uso mdogo ulikwishatokea kwenye kioo cha simu, mwekundu, ngumi mdomoni, na kijishimo kidevuni kama cha marehemu mama yake. Akaisogeza simu karibu na macho. Akacheka. Ilikuwa muda mrefu hajacheka.

Ndipo shavu lake la kushoto lilipopata baridi. Ule uzito wa mabegani uliinuka, ukainama mbele, ukaja sawa na uso wake, ukatulia hapo, ukitazama anapotazama yeye. Na ule uchovu, ule uchovu wote wa miezi, kwa mara ya kwanza ukamtoka, kana kwamba aliyekuwa amelala juu yake ameamka.

Kwenye kioo mtoto akaacha kunyonya ngumi. Akafumbua macho.

Bi Wadha akaifunika simu juu ya paja, akaizima kwa kubonyeza mpaka kidole kikauma. Akakaa hivyo, kainama juu yake, akisema kwa sauti ya chini, "Lala. Lala, bwana. Mimi nipo hapa. Lala." Akasema mpaka uzito ukarudi mabegani mwake, na macho yakaanza kumlemea tena, akamshukuru Mungu kwa kulemewa.

Alasiri Mzee Jaifar aliporudi kutoka msikitini alimkuta hapo.

"Bashayer kanambia kakuonyesha mtoto," akasema kwa furaha, akikaa karibu yake. "Haya, nambie. Kafanana na nani?"

"Sikumwona vizuri," akasema Bi Wadha.