Kokoto za Darini

Kila Jumamosi asubuhi, mama akiwa zamu hospitalini, Philomena na baba yake, Samson, walisafisha nyumba yao ndogo huko North York, ughaibuni. Nyumba yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilijengwa mwaka 1949, wakati mtaa mzima ulipojengwa kwa ajili ya askari waliorudi kutoka vitani, na siku za baridi upepo ulipenya kila pembe. Ndiyo maana Jumamosi moja ya Oktoba baba alimwita Mzee Mohsin, mkaguzi wa nyumba aliyezaliwa Tanga.

"Shikamoo, mzee," Philomena alisalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mzee Mohsin alivaa barakoa nzito, akapanda ngazi, akafungua kifuniko cha dari na kumulika kwa tochi. Hakukawia kukifunga tena.

"Samson, mbao ni imara," alisema aliposhuka. "Wajenzi wa wakati ule walikuwa na haraka, kwa kuwa familia zilikuwa nyingi na nyumba hazikutosha, lakini walitumia mbao nzuri. Tatizo ni kokoto zilizomwagwa baadaye katikati ya maboriti ili kuzuia baridi. Zinaitwa vermikulaiti. Nyingine zilichimbwa zikiwa zimechanganyika na asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba za hatari. Vumbi lake ukilivuta hukaa mapafuni miaka mingi, na linaweza kuleta saratani."

Philomena aligeuka kutazama mlango wa chumba chake. Wiki mbili kabla ya hapo, mwalimu wa sayansi aliwaonyesha kokoto zinazofanana na zile alizowahi kuziona baba alipofungua dari, za dukani, za kuoteshea mbegu. Siku hiyohiyo, ingawa baba alikwisha kumkataza kufungua dari, alipanda akachota kopo zima. Nusu alitia katika bakuli lake, nusu akampa rafiki yake Lynette, aliyeishi ng'ambo ya barabara.

"Kuna mtu amechota karibu na kifuniko," Mzee Mohsin alisema. "Ni nani?"

"Labda waliotuuzia nyumba. Sisi hatujagusa," baba alijibu.

"Basi vizuri. Zikiachwa zimetulia, hatari yake ni ndogo."

Philomena aliingia chumbani taratibu, akalitazama bakuli lake. Angeweza kulitupa, na hakuna ambaye angejua. Lakini bakuli la Lynette lilikuwa kando ya kitanda chake, na kila jioni Lynette alifukua kokoto kwa vidole ili aone kama maharage yameota.

Akarudi sebuleni. Alizoea kumjibu baba yake kwa Kiingereza, lakini safari hii maneno yalitoka kwa Kiswahili. "Baba, ni mimi niliyechota. Na nyingine ziko kwa Lynette."

Baba alimgeukia. "Mbona hukusema mzee alipouliza?"

"Niliogopa utakasirika."

"Nimekasirika," baba alisema kwa sauti ya chini. "Vaa koti. Twende kwa kina Lynette."

Mama Lynette alisikiliza mkono ukiwa mdomoni, kisha akawaonyesha chumba. Mzee Mohsin alizilowesha kokoto ili zisitoe vumbi, akazifunga katika mifuko miwili, akafuta meza kwa kitambaa kibichi. Kwa kina Philomena alifanya vivyo hivyo, kisha akapeleka kokoto chache maabara.

Baada ya wiki majibu yalikuja: zilikuwa na asbesto. Daktari aliwachunguza wasichana wote wawili, akasema muda ulikuwa mfupi, hatari ni ndogo sana, na hakuna dawa waliyohitaji. Kabla theluji haijaanguka, mafundi wenye kibali walikuja na mavazi maalumu, wakaziondoa kokoto zote.

Mzee Mohsin alikuja kukagua kazi yao. Alipomaliza, aliketi karibu na Philomena.

"Ulikosea kufungua ulikokatazwa, ukakosea tena kunyamaza," alisema. "Mimi naweza kukagua kuta na dari, lakini siwezi kujua kilichobebwa kikatoka nje. Ulipomfikiria mwenzako ukasema kweli, tuliwahi. Kosa linalosemwa mapema linasafishika. Linalofichwa linaendelea kuumiza watu wasiojua lolote."

"Nimeelewa, mzee," Philomena alisema. Kisha aliinuka akaenda jikoni kumwomba baba yake msamaha, maana hilo alikuwa bado hajalifanya.